Kola ya Boksi la Biskuti

Naanza kwa jina la Mola Mwenye kuruzuku, aliyetupa ulimi wa kuonja, macho ya kusoma na akili ya kupambanua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila anayemfundisha mwenzake jambo la kumfaa.

Baada ya hayo, ndugu msomaji, nakusimulia habari ya nyumba moja iliyokuwa na watu wanne. Nitawapanga kwa umri, kama adabu inavyotaka.

Wa kwanza ni Bibi. Alikuwa mjane, mwembamba, mwepesi wa miguu, na jiko lote lilikuwa chini ya amri yake. Msahafu aliusoma kwa ufasaha, lakini herufi za dukani hakuzijua. Wa pili ni mwanawe, fundi wa cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Wa tatu ni mkewe, Mama Chiriku, aliyepiga pasi katika duka la dobi. Wa nne ni binti yao wa miaka sita. Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini halikutumika. Kila mtu alimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba hiyo, kwa maana ndiyo iliyoleta kisa.

Jikoni palikuwa na rafu, na juu ya rafu palikuwa na makopo tisa. Yaling'aa kama yametoka kiwandani jana. Chochote kilichonunuliwa dukani, Bibi alikitoa katika pakiti yake na kukimimina koponi. Sukari ilikaa katika kopo jekundu. Majani ya chai yalikaa katika kopo la kijani. Biskuti zilikaa katika kopo la buluu. Bibi hakuvumilia kuona pakiti juu ya meza, hasa mbele ya mgeni.

"Karatasi ni nguo ya dukani," alikuwa akisema. "Chakula kikiingia kwangu, kinavaa nguo ya nyumba hii."

Wala pakiti hazikutupwa. Zile laini ziliwashia jiko. Maboksi magumu yalikwenda chumba cha mbele. Huko Fundi aliyakunjua, akayakata kwa mkasi, akapata mifano ya kukatia nguo: mfano wa kola, mfano wa mfuko, mfano wa mkono wa shati. Aliitundika ukutani kwa msumari. Kwa hiyo hakuna kilichopotea katika nyumba hiyo, isipokuwa kimoja, nacho ndicho tutakachokiona.

Asubuhi moja Chiriku alikuwa akinywa chai.

"Bibi, kwa nini kopo la biskuti ni la buluu?"

"Kwa sababu si jekundu."

"Na kwa nini si jekundu?"

"Kwa sababu jekundu ni la sukari. Kunywa chai, mke mwenzangu. Itapoa nawe bado uko kwenye utangulizi."

Bibi alimwita mke mwenza kwa utani, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. Chiriku alicheka, akala yai, akala biskuti, akaendelea kuuliza.

Haikupita robo saa, midomo yake ikaanza kuvimba. Mabaka mekundu yakatokea shingoni. Akajikuna, akalia. Mama Chiriku alimwosha kwa maji baridi, na kufikia adhuhuri mabaka yalikuwa yametoweka.

"Ni mayai," Bibi alisema. "Mayai ya siku hizi si mayai."

Mayai yakaondolewa. Siku nane zikapita salama. Siku ya tisa, mabaka yakarudi. Siku hiyo walikuwa wamekula samaki mchana.

"Basi ni samaki," alisema Fundi.

Samaki wakaondolewa. Wiki mbili baadaye mabaka yakaja tena, na mara hii walitupia lawama maziwa. Maziwa nayo yakaondolewa. Biskuti hakuna aliyezishuku. Chiriku alizila karibu kila siku, na siku nyingi hakudhurika.

Fundi ndiye aliyeona athari kwanza, kwa jicho la kazi yake. Alimwita binti yake amjaribishie gauni la shule. Akamzungushia futi kiunoni. Akaitazama futi. Akaizungusha tena.

"Mama Chiriku," alimwita mkewe. "Mwezi wa pili alikuwa inchi ishirini na moja. Leo ni kumi na tisa."

"Atanenepa na nini? Hali mayai, hali samaki, hanywi maziwa. Kesho tutamkataza maji." Kisha akapunguza sauti, lakini haikupungua ya kutosha. "Labda ni mafuta anayopikia Mama."

Bibi alikuwa mlangoni na bakuli la mchele.

"Mafuta hayo yamemlea mumeo," alisema. "Na huyo hapo, hapungui inchi hata moja."

Fundi alijishika tumbo, akacheka peke yake. Wanawake hawakucheka. Tangu siku hiyo, Mama Chiriku akitoka kazini huonja chakula kabla ya kumpa mtoto, na Bibi humwona, wala hasemi neno.

Alasiri moja Chiriku alirudi kutoka shule, akaingia chumba cha mbele. Alipenda kukaa chini ya meza ya kukatia, akipanga vifungo kwa rangi na kusimulia mambo ya darasani. Alikuwa na biskuti mbili mkononi.

"Baba, mwalimu amesema nina sauti ya kengele."

"Amekusifu au amekushtaki?"

"Sijui. Baba, kengele inakula nini?"

"Inakula masikio ya watu."

Fundi akaendelea kukanyaga cherehani. Alishona mkono mmoja wa shati, akageuza, akaanza wa pili. Ghafla akasimamisha mguu. Alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia nyumbani mwake. Alisikia kimya.

Aliinama chini ya meza. Chiriku alikuwa amekaa wima, vifungo vimetawanyika. Midomo yake ilikuwa imevimba, macho yamekuwa membamba, na mkono umeshika koo. Kila pumzi ilitoka kwa mluzi, kama upepo katika tundu la ufunguo.

Fundi hakuita mtu. Alimbeba, akatoka mbio na futi yake ingali shingoni. Bibi alimwona akipita mbele ya dirisha. Naye akatoka mbio nyuma yake, bila viatu.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Muuguzi wa zamu aliwafahamu, kwa kuwa Fundi alikuwa akimshonea sare. Alimtazama mtoto mara moja tu. Akamlaza, akavuta dawa katika sindano, akamchoma pajani.

"Mshike mkono," alimwambia Fundi. "Usimlilie. Akikuona unaogopa ataogopa."

Dakika zikapita. Mluzi ukapungua. Kifua kikaanza kupanda na kushuka kwa taratibu. Chiriku akafungua macho, akatazama huku na huku, mwisho akatazama chini.

"Bibi," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mbona huna viatu?"

Bibi aligeukia ukuta. Hakutaka mjukuu aone machozi yake.

Walimsimulia Muuguzi habari za mabaka ya siku zilizopita, naye akachukua daftari. "Shikamoo, Bibi. Pole kwa mbio. Sasa nisaidie. Leo mtoto amekula nini?"

"Asubuhi uji. Mchana wali na maharage, na ndizi. Alasiri biskuti mbili."

"Biskuti gani?"

"Za kopo la buluu."

"Nauliza aina yake, Bibi."

"Mwanangu, biskuti ni biskuti."

"Boksi lake liko wapi?"

Bibi akamtazama Fundi. Fundi akamtazama Bibi.

"Mimi nilizimimina," alisema Bibi.

"Nami nikalikata," alisema Fundi.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakuwakemea. "Sikilizeni, wazee wangu. Ninavyomwona, mtoto huyu ana mzio. Mzio si uchawi, wala si uchafu wa jikoni. Mwili una walinzi wake, wanaopigana na maradhi. Walinzi wa watu wengine hukosea. Huona chakula cha kawaida, wakadhani ni adui. Hapo ndipo midomo huvimba, ngozi hutoka mabaka, na koo hujifunga. Leo mmewahi. Mngesubiri mabaka yaondoke yenyewe kama siku zile, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Ni chakula gani?" aliuliza Fundi.

"Hilo ndilo boksi lingetuambia. Nawaandikia barua mwende kwa daktari wa hospitali kubwa ampime. Na tangu sasa mpaka mtakapojua, msimpe chochote kilichotoka koponi msichojua asili yake."

Walikaa pale saa kadhaa, mtoto akiangaliwa kwa ukaribu kwa sababu hali hiyo huweza kurudi. Kisha wakaruhusiwa.

Siku mbili zilizofuata Bibi hakuingia jikoni. Alikaa kizingitini na tasbihi yake. Mama Chiriku aliomba ruhusa kazini akapika mwenyewe. Siku ya pili alimletea Bibi chai, akaketi karibu naye.

"Mama, ingia basi jikoni. Nyumba haina ladha."

"Mkono wangu ndio uliompa," alijibu Bibi. "Ulisema mafuta. Nikakasirika. Kumbe ni mkono."

"Mama, hata hatujui ni nini."

"Ndiyo maana siingii. Nitampa nini, nisiyejua nilichonacho?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwa nyumba ile. Mtoto alikuwa hai, Alhamdulillahi, lakini adui alikuwa angali kwenye rafu, na hakuna aliyeijua sura yake.

Asubuhi ya siku ya tatu Muuguzi alikuja kujaribu sare yake. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa vitambaa vya wateja, na juu ya kila kitambaa palikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini. Kikaratasi kilisema: nguo ya nani, urefu kiasi gani, kiuno kiasi gani.

"Fundi," alisema Muuguzi kwa utani, "nikiviondoa vikaratasi hivi vyote, utafanyaje?"

"Haki ya Mungu, dada, nitafunga duka! Nitamkabidhi mwalimu mkuu kaptura ya mtoto wa chekechea. Kitambaa hakisemi. Kinachosema ni karatasi yake."

Muuguzi akatabasamu. Fundi alikuwa amemwekea kola shingoni, ameishika na mfano wake kwa pini ili aone kama inakaa. Muuguzi akajitazama katika kioo. Katika kioo aliona kwamba upande wa chini wa mfano ule ulikuwa na maandishi.

"Hii karatasi ngumu umeitoa wapi?"

"Ni boksi la..." Fundi akanyamaza. Akaitoa kola haraka haraka, pini ikamchoma kidole, asijali. Akaugeuza mfano.

Upande wa chini wa mfano ule wa kola palikuwa na picha ya nusu ya biskuti. Kando yake paliandikwa maneno madogo: "Viambato: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mboga." Hapo mkasi ulikuwa umepita. Sentensi ilikatika kwenye ncha ya kola.

"Mama! Mama Chiriku!" aliita Fundi. "Njooni!"

"Nusu ya pili uliikatia nini?" aliuliza Muuguzi.

Fundi alikwenda ukutani. Akashusha mifano yote msumarini, akaimwaga mezani. Akageuza mmoja baada ya mwingine. Mkono wa shati ulikuwa boksi la sabuni. Ukosi wa koti ulikuwa boksi la balbu. Mwisho akaushika mfano wa mfuko wa kifuani. Akauweka ukingo kwa ukingo na ule wa kola. Nusu mbili za biskuti zikaungana, zikawa duara.

Mama Chiriku akasoma kwa sauti, na Bibi amesimama nyuma yake: "Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mboga, unga wa karanga, maziwa ya unga, mdalasini, chumvi." Na chini yake, kwa herufi nzito: "Ina ngano, karanga na maziwa."

"Karanga?" Bibi alisema. "Biskuti zile hazina hata harufu ya karanga!"

"Mdalasini umeifunika, Bibi. Ulimi hauwezi kutambua kila kilichosagwa. Niambieni, Chiriku amewahi kula karanga zenyewe?"

Mama Chiriku akajishika kichwa. "Alipokuwa na miaka miwili nilimpa. Akazitema, akalia kwamba ulimi unawaka. Tukasema anadeka. Tangu hapo hakutaka hata kuziona."

"Hakuwa anadeka," alisema Muuguzi. "Alikuwa akitoa taarifa."

"Lakini ngoja," alisema Bibi, naye hakuwa mtu wa kukubali jambo kabla ya kulipima. "Siku ngapi amekula biskuti hizo akawa mzima?"

"Bibi, kopo la buluu unalijaza vipi?"

"Zikipungua naongeza. Wiki hii Fundi ataleta za mdalasini, wiki ijayo ataleta za maziwa. Zote ni za duara, zote ni rangi moja. Namimina juu ya zile zilizobaki."

"Basi kopo moja lilikuwa na aina mbili. Mtoto alitia mkono bila kujua atatoa ipi. Siku moja anatoka salama, siku nyingine anaumia. Nanyi mnalaumu yai lililokuwa sahanini."

Bibi aliketi juu ya kiti cha wateja. Alikitazama kikaratasi kilichobanwa kwenye kitambaa mbele yake, kisha akamtazama mwanawe.

"Wewe," alimwambia, "nguo ya mtu huitenganishi na karatasi yake hata kwa dakika moja."

"Kweli, Mama."

"Nami tumbo la mjukuu wangu nimelitenganisha na karatasi yake miaka sita."

"Tulikuwa wawili, Mama. Wewe ulimimina, mimi nikakata."

Wiki iliyofuata daktari wa hospitali alimpima Chiriku. Matokeo yalikuwa wazi: mayai hayakuwa na kosa, samaki hawakuwa na kosa, maziwa hayakuwa na kosa. Adui alikuwa karanga peke yake. Daktari aliwaonya kwa mkazo: wasijaribu kumpa hata kidogo nyumbani ili kuona kama amepona. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, wakimbie kituoni papo hapo. Na mwalimu wake aambiwe.

Siku ya mapumziko, familia nzima ilikwenda dukani, na Muuguzi akafuatana nao. Bibi alitangulia na kikapu, kama jemadari.

"Someni picha mwisho," alisema Muuguzi. "Picha imewekwa ili mnunue. Maandishi madogo yamewekwa ili mjue. Geuzeni pakiti."

Akawaonyesha orodha ya viambato, yaani vitu vyote vilivyotumika kutengeneza chakula. "Huandikwa kwa mpango. Kilicho kingi hutangulia, kilicho kidogo hufuata. Vyakula vinavyowadhuru watu wengi, kama karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano, soya na ufuta, mara nyingi huandikwa kwa herufi nzito, au hurudiwa chini baada ya neno 'Ina'."

Fundi, ambaye daktari alikwishamwonya juu ya shinikizo la damu, alichukua pakiti ya vidonge vya supu. Alivipenda sana. Juu palichorwa kuku mnene. Akageuza, akasoma, akasonya.

"Kitu cha kwanza ni chumvi!" alisema. "Kuku ni wa nane! Kumbe miaka yote hii nanunua chumvi iliyovaa manyoya."

"Ndiyo sababu futi haipungui," alisema Mama Chiriku, na mara hii Bibi alicheka mpaka akaegemea rafu.

"Na hili jedwali la namba?" Bibi aliuliza, akiwa ameshika biskuti za maziwa.

"Hilo ni jedwali la virutubishi. Linasema kila gramu mia moja zina kiasi gani cha nguvu, protini, mafuta, sukari na chumvi. Hapa sukari ni gramu thelathini na mbili. Kijiko kimoja cha chai huchukua kama gramu nne. Hesabu, Chiriku."

Chiriku alihesabu kwa vidole, akaazima na vidole vya Bibi. "Vinane! Vijiko vinane!"

"Astaghfirullah," alisema Bibi. "Mimi nikitia viwili katika chai, mkwe wangu hunitolea macho kama nimeiba."

Kisha Muuguzi akawaonyesha mstari mwingine, mdogo kuliko yote. Ulikuwa kwenye pakiti nyingine, nao ulisema: "Huenda ikawa na chembe za karanga." Akaeleza kwamba kiwanda hutumia mashine ileile kwa vyakula viwili, na makombo husafiri. Kwa Chiriku, neno "huenda" lichukuliwe kama neno "imo".

"Na chakula kisicho na maandishi?" aliuliza Mama Chiriku.

"Muulize aliyekitengeneza. Asipojua, au akisita, mtoto asile. Na jambo la mwisho, Bibi. Soma kila mara unaponunua, hata pakiti uliyoizoea. Watengenezaji hubadilisha mambo, nao hawatakuja kukugongea mlango kukuarifu."

"Nisome?" Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, herufi hizi na mimi hatujuani."

Chiriku akamshika mkono. "Tutajuana nazo, Bibi. Mimi najua mpaka M."

Tangu siku hiyo jikoni palibadilika. Bibi alimwaga vyote ambavyo hakuvijua asili yake. Akayaosha makopo tisa kwa sabuni na maji ya moto, akayaanika juani. Hakuyaacha makopo yake, kwa maana aliyapenda, na hapakuwa na sababu ya kuyaacha. Fundi alimshonea kila kopo mkanda wa kitambaa wenye kifuko mbele. Kitu kikimiminwa koponi, orodha yake ya viambato, jedwali lake na tarehe yake ya mwisho vinakatwa pamoja na kutiwa kifukoni. Aina mbili hazichanganywi. Kopo halijazwi tena mpaka limekwisha na kuoshwa.

"Hakiingii kitu kwangu bila hati yake," Bibi alitangaza.

Na kila siku baada ya sala ya alasiri, Bibi na Chiriku walikaa kizingitini na daftari moja. Bibi alizoea kusoma kutoka kulia, kwa hiyo mwanzoni kidole chake kilianzia upande usio wake.

"Huku, Bibi, huku! Unaanza na mkia."

"Usinipigie kelele, mwalimu. Nitakuripoti kwa baba yako."

Neno la kwanza alilojifunza kulisoma bila kusaidiwa lilikuwa "karanga". La pili lilikuwa "chumvi", kwa ajili ya mwanawe.

Miezi sita ikapita. Chiriku alirudia kula mayai na samaki na kunywa maziwa. Fundi alimpima kiuno, akapata inchi ishirini na mbili, akafumua mishono ya gauni huku akiimba.

Siku moja akaja mgeni. Alikuwa shangazi yake Chiriku, dada mkubwa wa Fundi, aliyetoka safari. Alileta zawadi ya biskuti za maziwa.

"Usiwe na wasi, Mama," alimwambia Bibi. "Mdogo wangu alinieleza kwa simu. Ni zilezile mnazonunua, zenye picha ya ng'ombe."

Kweli zilikuwa zilezile. Ng'ombe alikuwa yuleyule. Mama Chiriku alikwishafungua pakiti, na Chiriku alikwishanyoosha mkono, huku akimweleza shangazi habari za kengele ya shule.

"Ngoja kwanza, mke mwenzangu," alisema Bibi.

"Mama, hizi tunazijua," alisema Fundi. "Tumezinunua miezi sita."

"Hizo za miezi sita nilizisoma. Hizi bado."

Kisha yule mwanamke ambaye hakuwahi kuweka pakiti mbele ya mgeni, akaitandaza ile karatasi katikati ya meza, mbele ya sahani ya shangazi, akaikunjua kwa kiganja. Akaweka kidole upande wa kushoto. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, na midomo yake ikisogea. Hakuna aliyemharakisha. Alipita unga wa ngano. Alipita sukari. Alipita maziwa. Alifika mstari wa mwisho, mdogo kuliko yote, na kidole kikasimama.

"Huenda," alisoma. "Ikawa. Na. Chembe. Za." Akainua macho. Neno lililobaki hakuwa na haja ya kulisoma herufi kwa herufi. "Wamebadilisha."

Fundi akainama, akasoma mwenyewe. Mkono wake ulikwenda kwenye futi iliyokuwa shingoni, kama siku ile.

Chiriku alikwisharudisha mkono wake. Akausugua kwenye gauni.

"Nisamehe, mwanangu," Bibi alimwambia shangazi. "Zawadi yako imefika, na sisi wakubwa tutaila na kukushukuru. Lakini mtoto atakula ndizi."

"Mama," shangazi alisema, "wewe umejifunza lini kusoma?"

"Mwalimu wangu huyu hapa," alijibu Bibi. "Nampenda, ila ana kelele."

Hapo Chiriku akaanza kusimulia, na hakunyamaza mpaka mgeni alipoaga.

Bibi yule leo hayupo. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, baada ya miaka mingi ya jikoni na ya daftari. Chiriku amekuwa msichana mkubwa, na makopo tisa yangali kwenye rafu, kila moja na kifuko chake. Kifuko cha kopo la buluu kimechakaa kwa kuguswa.

Ewe Mola, mpe yule aliyeondoka malazi mema. Na hawa waliobaki, wape riziki ya halali na yenye siha, wape macho yasiyochoka kusoma na subira ya kusoma tena, na uwajaalie watoto wao pumzi ndefu na sauti zisizonyamaza. Amin.